Karavani ya Bwana Mlaki

Bwana Mlaki wa Usa River alinunua karavani, nyumba nzima ya kuvutwa na gari, yenye jiko na kitanda. Kwake nafasi ilikuwa tele, ila aliyaonea huruma majani ya bustani yake. Akaiegesha uani kwa jirani yake mjane, Mama Ndeshi, bila hata hodi.

"Baba, Jumamosi namwoza binti yangu hapa uani," mama akamsihi.

"Wageni wako watajibana. Kwako kuna ukuta na geti, ndipo penye usalama."

"Haya, ahsante kwa heshima."

Ijumaa Bwana Mlaki alikuja kuitazama mali yake. Akaikuta imefungwa utepe mwekundu na kuvishwa maua mpaka madirishani.

"Nini hiki?"

"Wakwe wameipenda mno! Wameuliza nani katoa zawadi hii. Nikawaambia ni jirani mwenye moyo, kaileta mwenyewe, hata kushukuriwa hataki. Wako njiani kuja kukushika mkono."

Bwana Mlaki hakungoja kushikwa mkono. Aliivuta mbio hadi kwenye maegesho ya kulipia, maua yakipukutika barabarani.

Mama Ndeshi akachukua ufagio, akafagia uwanja wake. Wakwe wenyewe walikuwa bado kwao Babati, wakipiga pasi nguo za harusi.