Leseni za Nyumba ya Bwana Sengondo

Bwana Sengondo, mtoa leseni za mafundi umeme mjini Kirumbi, alikuwa na mtihani mmoja tu: fundi afunge umeme chumba kimoja nyumbani kwake, bure. Taa zikiwaka, husema, "Umefeli." Nyumba yake iling'aa hadi banda la kuku, na mji mzima haukuwa na fundi mwenye leseni.

Zamu ya Kidawa ilipofika, alikuja na wote waliofeli. "Wamekuja kujifunza, mheshimiwa." Akafunga taa za sebuleni, zikawaka kama mchana.

"Umefeli," akasema Sengondo.

"Sawa, mheshimiwa. Na nikikutwa nimefunga umeme kwa mtu bila leseni?"

"Naing'oa kazi yako papo hapo! Hata kama ni kwa mama yangu mzazi!"

Kidawa akazima swichi kuu, akachomoa bisibisi. "Jamani, mmemsikia. Kila mtu na chumba chake."

Nyaya zikaanza kuporomoka jikoni, chumbani, chooni.

"Mmefaulu!" Sengondo alipiga yowe. "Nyote mmefaulu!"

Wakaacha, ila bandani mzee Chambuso aliendelea kung'oa, kuku wakiruka ovyo.

"Chambuso! Nawe umefaulu!"

"Huyo hasikii, mheshimiwa," alisema Kidawa, bisibisi bado mkononi. "Ila kusoma anajua."