Homa ya Vifaranga wa Bi Sekela

Mnisamehe, hadithi hii mimi niliisikia ikiwa nzima. Ikiwafikia imevunjika, ihesabuni kama mzigo uliosafirishwa kwa ndege.

Bwana Lupogo alikuwa mkuu wa mizigo katika shirika moja la ndege. Asubuhi hiyo walipakia vifaranga wa Bi Sekela, mjane aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho ili aanze kufuga kuku. Ndani ya kreti walitia kipima joto, kidogo kama kiberiti, kinachotuma habari kwa mtandao hadi kwenye skrini ya ofisini.

Kabla mlango wa ndege haujafungwa, Lupogo alikichomoa akawatambia wapakiaji. "Mnakiona hiki? Kifaranga akipata homa huko angani, mimi najua kabla ya mama yake!"

Ndege ikaruka. Lupogo akavaa koti lake zito, akarudi ofisini kwa madaha. Kuketi tu, skrini ikawa nyekundu: joto la vifaranga linapanda!

"Mungu wangu, wanaiva!"

Akakimbia huku na huko, jasho likimtoka. Kadiri alivyokimbia, ndivyo joto lilivyozidi. Akamwita rubani redioni.

"Kapteni Msuya, zidisha baridi kwenye mizigo! Mama wa watu kaagiza kuku wa kufuga, si wa kuchoma!"

"Una hakika, mkuu? Kifaranga mchanga baridi humuua upesi."

"Kipimo hakidanganyi, kapteni! Weka baridi!"

Akavua koti, akasimama mbele ya kiyoyozi, vifungo vya shati wazi, akihema. Skrini ikaanza kutulia. Njano. Kijani.

"Ahsante, kapteni! Baridi yako imewaokoa!"

"Baridi gani, mkuu? Nilikuwa naongea na waongoza ndege. Sijagusa kitu."

Mkono wa Lupogo ukapanda taratibu hadi mfuko wa shati. Kidude kile hicho hapo, kimejilaza kifuani.

"Kapteni," akanong'ona, "usiguse kitu. Nakusihi, baba, usiguse!"

Mchana Bi Sekela akapiga simu. "Mwanangu, wote wazima, wanalia njaa tu! Aliyekuwa akiwaangalia njiani, Mungu ambariki."

Lupogo akashusha pumzi ndefu kama tairi lililotobolewa. "Amina, mama. Alikuwa na homa kidogo, sasa amepoa."

Funzo: Kabla hujatafuta kosa angani, jipapase kwanza mfukoni. Na hadithi isipochekesha, msimlaumu Lupogo. Mimi nimeshajipapasa, kosa nimelikuta.