Mashine Iliyokabidhiwa Safi

Kufuta si kuziba. Mmeisikia asubuhi kwa shangazi yenu Namkunda alipokuwa akimsema jirani, mkadhani kaitunga papo hapo. Hakuitunga. Methali hiyo ilizaliwa hapa hapa bondeni, nami nilikuwepo, ingawa natamani nisingekuwepo. Kaeni niwaambie ilivyoanza. Na wewe Mbonea, acha kucheka kabla hujasikia.

Mwaka ule vuli haikunyesha kabisa, na masika yalikuja siku tatu yakaondoka. Mahindi ya mlimani yalikauka yakiwa bado hayajafika magotini. Tukabakiwa na vishamba vya ukingoni mwa mto, ambavyo kaya kumi na nne tulivimwagilia kwa mashine moja ya dizeli. Babu yenu alikuwa ameshafariki. Nyumbani nilikuwa na mama mkwe asiyejiweza na wanangu wawili, Kiangi wa miaka saba na mdogo wake aliyekuwa bado ananyonya. Tulikula mara moja kwa siku, tukihesabu wiki za kuvuna.

Mashine ilikwenda kwa zamu, kila kaya nusu siku, na zamu ilikuwa na adabu yake. Ukimaliza kumwagilia, unaifuta mashine tope na mafuta mpaka ing'ae, ndipo unamwita mwenzako. Kumkabidhi mtu mashine chafu ilikuwa aibu, kama kumpa mgeni maji katika kikombe kisichooshwa. Mimi nilisifika kwa kufuta. Nilikuwa na kitambaa changu maalumu, na nilijivuna nacho, kusema kweli.

Mahindi yalipoanza kutoa ndevu, mashine nayo ikaanza kuvuja oili. Tone moja, kisha jingine, pale chini ambapo chuma kimekutana na chuma. Tulimwita fundi Elieza kutoka barabara kuu. Akapiga magoti, akapapasa, akatuambia gasketi imechoka, ule ubapa mwembamba unaowekwa katikati ili mafuta yasipenye.

"Nipeni siku mbili," alisema. "Naifungua, nakata gasketi mpya, naifunga."

Mzee Semboja, mwenyekiti wetu, akakuna kidevu. "Fundi, mahindi yanatoa ndevu. Yakikosa maji sasa tutavuna magunzi."

"Najua, mzee wangu. Siku mbili yatavumilia. Lakini mashine ikifa yenyewe, haitawauliza iwape siku ngapi."

Watu wakaanza kuhesabu siku kwa vidole. Zamu ya kesho yake ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeingoja siku saba. Nikaona wanaelekea kumkubalia, nikasimama.

"Fundi, hilo nalo ni la kutufungia mashine? Makamasi ya mwanangu yanavuja kuliko hilo! Tutafuta mpaka tuvune."

Walicheka wote, hata mzee Semboja. Baada ya kicheko kile hakuna aliyezungumzia tena siku mbili. Elieza akakusanya spana zake akaondoka.

Tukafuta kweli. Kila mmoja alifuta matone ya zamu yake, akamkabidhi mwenzake mashine inayong'aa. Kila mmoja aliona mafuta ya nusu siku, akasema ni kidogo. Ya jana na ya juzi hakuna aliyeyaona, yalikwisha kwenda na vitambaa. Na kwa kuwa tuliikuta safi, hatukuchomoa kijiti cha kupimia oili. Mashine inayotunzwa hivi, tulisema, lazima mwenzangu ameshaangalia.

Siku ya nane zamu ikarudi kwangu. Maji yalikuwa yamefika nusu ya shamba mashine iliposaga meno, chuma kwa chuma, ikanyamaza. Niliita majirani. Tulivuta, tukasukuma, haikuzunguka.

Elieza alipoifungua, ndani palikuwa pakavu na peusi. Akauliza, "Nani alikuwa anaitunza?"

"Sote," akajibu mzee Semboja. "Haijapata kukabidhiwa chafu hata siku moja."

Elieza akakitazama kitambaa kilichokuwa mkononi mwangu, kizito kwa mafuta. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Mama Kiangi," alisema taratibu, "kufuta si kuziba. Mngeiacha ichafuke, mngeona jinsi inavyokufa."

Vyuma vipya vilichukua siku ishirini na sita kufika. Tulipomenya mahindi, tulikuta punje mbili tatu kwenye gunzi zima, kama meno yangu haya. Tangu hapo adabu ya zamu ikabadilika. Hadi leo mashine ya kijiji hukabidhiwa bila kufutwa, na anayeipokea huchomoa kijiti mbele ya anayeitoa. Wageni hutuona wachafu. Waacheni.

Lakini siku ile niliyasikia tu maneno ya Elieza, sikuyaelewa. Niliyaelewa baadaye, mama mkwe wangu alipokuwa amelala bila kula siku ya pili, nikaamua kumpeleka Kiangi kwa mjomba wake kule Muheza, ambako mihogo ilikuwa bado ipo. Nilimpandisha kwenye lori lililobeba magunia. Akaning'ang'ania shingo.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa, mwanangu. Aliyekosa ni mimi."

"Basi nisiende."

Nikamfuta machozi kwa upindo wa kanga, yakatoka mengine. Nikafuta tena, yakatoka tena. Dereva akapiga honi, nami bado nafuta, maana chakula cha kumbakisha nyumbani sikuwa nacho. Alilelewa huko miaka tisa. Aliporudi aliniamkia kwa heshima, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

Kufuta si kuziba, wajukuu zangu. Kufuta si kuziba.