Gari la Mzee Makwaya Laingiwa Wazimu

Sikieni habari ya gari lililorukwa na akili. Mzee Makwaya, mwenye kiwanja chenye gereji ya Fundi Mlekwa, akiwasha indiketa, honi inalia. Akishusha kioo, wipa zinacheza.

Mlekwa alikuwa bingwa wa umeme kutoka hapa mpaka mwezini, ila darasa la saba alilirudia mpaka mwalimu akastaafu.

"Kontroli boksi ya bodi imekufa, mzee. Ndiyo ubongo wa taa, honi na milango. Tunaweka nyingine."

"Weka, kisha Jumamosi uhame kiwanjani kwangu. Najenga godauni."

"Jumamosi mbali! Nahama sasa hivi. Nikitoka mbio, duma ananiomba lifti."

"Uniachie kichaa hiki? Thubutu!"

Mzee akamwita mjumbe wa mtaa, karatasi ikaandikwa na kugongwa mhuri: Mlekwa hatoki kiwanjani mpaka awashe kwa mkono wake kila taa ya gari lile. Mzee akasaini, Mlekwa naye akasaini huku analia, maana hata sahihi yake hakukumbuka inaanzia wapi.

Alasiri boksi mpya ilikuwa ndani, imeshafundishwa kuutambua ufunguo wa gari. Honi, wipa, milango, vyote vikatii.

"Limepona! Fungasha!"

"Bado taa ya buti, mzee."

"Iwashe!"

"Fundi mwenye akili angeiwasha leo. Mimi na kichwa hiki, labda baada ya miaka kumi."

Mzee akamgeukia mjumbe. Mjumbe akaisoma tena karatasi, akatikisa kichwa: "Umesaini mwenyewe, mzee."

Mlekwa akainama kwa adabu bila kucheka, maana angecheka tu, glopu ya taa ya buti ingemtoka shavuni.