Chungu cha Mwanatumu Jikoni kwa Sultani

Hapo zamani, enzi ambazo kila mji ulikuwa na sultani wake na kila sultani alikuwa na kitambi chake, palikuwa na mji ukiitwa Kilulu, na sultani wake akiitwa Kombo. Mtu huyu hakuwa na roho mbaya, ila hakujua thamani ya kitu chochote, maana tangu azaliwe hakupata kutumwa dukani. Jumba lake lilijaa mawaziri, makarani, mashemeji, binamu za mashemeji, na watu wengine ambao hata yeye hakujua walikuja lini na wataondoka lini. Kila aliyeamka aliamka na lake: huyu anataka pilau, yule wali wa nazi, mwingine kichefuchefu kimemshika anataka uji, na kila mmoja apakuliwe sahani yake peke yake. Walikula nusu, nusu ikamwagwa uani, hata kunguru wa Kilulu wakanenepa wakawa hawaruki vizuri.

Basi ikawa kila mwaka ghala la Sultani hukauka kabla ya mavuno, na likikauka, askari hutumwa mitaani kuchukua mpunga wa watu.

Na huko mitaani alikaa mwanamke jina lake Mwanatumu, na mumewe Vuai, mshona makuti. Watoto walikuwa wengi na kipato kidogo. Watu walimwita Mwanatumu punguani, kwa kuwa akiambiwa neno hulifanya vilevile lilivyosemwa. Jirani yake alipata kumwambia, "Nitazamie maziwa yangu yasimwagike." Akakaa, akayatazama, paka akaja akayanywa yote, na mwenyewe aliporudi Mwanatumu akamwambia hayakumwagika hata tone.

Lakini katika nyumba yake hakuwa punguani hata kidogo. Kila alipopima kibaba cha mpunga wa kutwanga, alirudisha konzi moja ya mkono katika mtungi wenye kifuniko, kisha akaziba pengo kwa kunde. Chungu hakikujua, na matumbo hayakujua. Siku ambayo Vuai alikosa kazi, mtungi ndio uliowalisha.

Mwaka huo askari wakaingia kwake, wakafunua mtungi, wakaukuta umejaa mpaka shingoni. Maskini na mtungi uliojaa, wao wakaona huo ni wizi. Wakaubeba mtungi, wakambeba na Vuai, na Mwanatumu akawafuata nyuma na mtoto mgongoni, mpaka mbele ya Sultani.

Sultani akanena, "Ewe mwanamke, mumeo mshona makuti, na mtungi wake umejaa kuliko ghala langu. Mpunga huu umetoka wapi?"

"Umetoka chunguni, maulana, kabla haujaingia."

Baraza zima likacheka. Mwanatumu akawaeleza habari ya ile konzi, wakazidi kucheka. Hapo Waziri Mkuu, Mbwana Shee, mtu wa pete nyingi na shughuli chache, akasema kwamba ikiwa watu hushiba kwa kupunguziwa, basi mwanamke huyu aje awapikie wao, waone maajabu.

Neno hilo likampendeza Sultani. Akasema, "Kesho utaingia jikoni kwangu na chungu chako hichohicho na kibaba chako hichohicho, uwalishe watu wote wa jumba hili. Kadhi atakaa mlangoni, na kila atokaye jikoni atamwambia kwa kinywa chake kama ameshiba au ana njaa. Wote wakisema wameshiba, chukua mtungi wako na mume wako. Akitoka hata mmoja na njaa yake, mtungi ni wangu, na Vuai atalima shamba langu bila ujira mpaka azeeke."

Vuai aliposikia hayo akakaa chini bila kukaribishwa. Mwanatumu yeye akauliza tu, "Maulana, nipike kama nipikavyo kwangu?"

"Kama kwako. Usiongeze, usipunguze. Na atakayekupinga, amenipinga mimi."

"Nimesikia, maulana."

Siku ya pili yake akaingia jikoni na chungu chake, kibaba cha mpunga, kunde na nazi. Akamnyonyesha mtoto, akamlaza, akajiketia kando ya jiko lililo baridi, mikono mapajani. Ilipofika adhuhuri, watu wa jumba wakateremka kwa vishindo, kila mmoja na tumbo lake mbele, waje wamcheke kisha wakapige kelele kwa kadhi kwamba wanakufa njaa. Wakakuta hapana moto wala moshi.

Mbwana Shee akauliza chakula kiko wapi.

"Kiko kwenye maganda yake, baba," akasema Mwanatumu. "Mchi ule pale."

"Mchi? Unamwambia nani?"

"Nakwambia wewe. Kwangu hali mtu ambaye hajashika kazi ya chakula. Mume wangu hutwanga, na mikono yake ni miwili kama yako. Mashemeji watateka maji kisimani, makarani watapasua kuni, na hawa binamu watachambua kunde. Bwana wako amesema nipike kama kwangu."

Wakatazamana. Mmoja akataka kugomba, akakumbuka kwamba kumpinga mwanamke huyu ni kumpinga Sultani, akafunga kinywa. Mbwana Shee akazitazama pete zake, akautazama mchi, akaona havipatani. Akaanza kurudi nyuma polepole kama mtu aliyekanyaga mali ya wenyewe. Pale mlangoni kadhi akamzuia, maana ndiyo kazi aliyopewa, akamwuliza kama ameshiba au ana njaa.

Mwanatumu akasema kutoka ndani, "Mwenye njaa arudi kinuni, sheikh, chakula chake hakijapikwa."

Waziri akakohoa. Akasema kwa kweli asubuhi alikunywa uji mzito.

"Sikuuliza uji," akasema kadhi. "Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Alhamdulillahi. Pita."

Basi likawa ndilo neno la siku. Mashemeji wakafikiri habari ya kisima na jua, wakashiba. Makarani wakaliona shoka, wakashiba kwa pamoja. Binamu mmoja akasema yeye ameshiba tangu jana. Wakatoka wote kwa foleni, matumbo yakinguruma kama mawe ya kusagia, na kila kinywa kikimshukuru Mungu mbele ya kadhi. Jikoni wakabaki wawili tu, mfagizi wa uani na mchota maji, watu ambao kazi haikuwatisha. Mfagizi akashika mchi, mchota maji akashika ndoo, na moto ukawashwa.

Sultani naye alikuwa juu akingoja kelele, kelele zisije. Njaa ikamteremsha.

"Watu wako wapi?" akauliza.

"Wameshiba, maulana. Mwulize kadhi."

Kadhi akaapa kwamba hakutoka mtu ila amekiri shibe.

"Chungu hata hakijachemka," akasema Sultani. "Haya, mimi hapa nina njaa. Mumeo ni wangu."

"Una njaa kwa kuwa hujala, maulana, na hujala kwa kuwa nazi haijakunwa, wala hujatoka mlangoni." Akamsogezea mbuzi ya kukunia nazi. "Ulisema atakayenipinga amekupinga wewe. Sasa wewe ukinipinga, sijui utakuwa umempinga nani."

Sultani akainua kanzu, akakaa juu ya mbuzi ile fupi, magoti yakamfika masikioni na kitambi kikakosa pa kuwekwa. Akakuna, akajikwaruza kidole, akanung'unika, kisha akakirusha kifuu. Mwanatumu akakiokota akamrudishia.

"Hiki bado kina nazi, maulana. Kwangu hatutupi mpaka kiwe cheusi ndani."

Akakuna tena mpaka jasho likalowesha kilemba.

Wali wa kunde ukaiva, ukapakuliwa katika sinia moja, wakauzunguka: Sultani, mfagizi, mchota maji, na kadhi aliyeitwa kupuliza moto ili asikose haki yake. Sultani akala. Hakuacha punje, kwa kuwa sasa alijua kila punje imepita wapi. Akauliza kama pana ukoko, akakwanguliwa, akautafuna wote.

Alipoinuka kwenda zake, kadhi akamshika mlangoni. "Umeshiba, maulana, au una njaa?"

Sultani akacheka mpaka akashikilia ukuta. "Nimeshiba, wallahi. Mfungulieni mume wa watu, na mtungi wake mpelekeeni mpaka nyumbani. Na askari wangu asiingie tena nyumba ya mtu kutafuta mpunga."

Magharibi Mbwana Shee akaja, uso umemsinyaa, akiuliza taratibu habari ya chakula cha usiku. Sultani akamgeukia kadhi, akamwuliza mtu huyu alisema nini adhuhuri. Kadhi akasema alisema ameshiba.

"Basi akalale," akasema Sultani. "Mtu aliyeshiba hapikiwi."

Kesho yake alfajiri watu wa Kilulu wakaamshwa na mdundo wa kinu kutoka jumbani, wakadhani pana harusi. Wakachungulia uani, wakamwona Waziri Mkuu kavua pete zote, anatwanga, na mashemeji wamepanga foleni nyuma yake wakimwambia afanye haraka.

Hekaya yangu imeishia hapo. Aliyebaki na njaa, mchi uko uani.