Mapeasi ya Kwemzinga

Korongo la aibu huita barabara. Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani maneno hayo, mkaja mbio kuniuliza korongo gani na aibu ya nani. Haya, kaeni, na wewe Semkiwa acha kutafuna muwa masikioni mwangu. Methali hii ilizaliwa hapahapa Kwemzinga, nami nilikuwapo.

Wakati huo barabara kuu ya kuunganisha mikoa ilikuwa ikitafutiwa pa kupita. Nyikani kulikuwa tambarare na rahisi. Huku milimani tulikuwa sisi, vijiji vidogo na miti yetu ya mapeasi. Likaja neno kwamba mhandisi, Bwana Rweikiza, atapanda kutazama kama kuna sababu ya kuileta kwetu.

Sasa, sisi tukisikia mgeni anakuja, hufagia. Tulifagia nyua na vichochoro. Mwenyekiti wetu, Mzee Shekalaghe, akaamuru kila peasi lililokosa mnunuzi litupwe korongoni kama kawaida, mgeni asione uozo. Kijiji kiling'ara, hata kuku wakaona haya kuchakura.

Bwana Rweikiza alizunguka, akanywa chai, akasifu usafi. Kisha akauliza, "Mzee, barabara ikija itabeba nini? Mbona sioni mzigo?"

"Mheshimiwa, sisi watu safi," Mzee Shekalaghe akajibu kwa fahari. "Kwetu hakizagai kitu."

"Basi itapita nyikani," mhandisi akasema kwa upole, akainuka.

Ndipo akasimama Bi Mwantumu, mjane aliyezoea kubeba mapeasi kichwani hadi soko la bondeni, akafika nayo yamekuwa uji.

"Mwanangu, njoo nikuoneshe uchafu wetu."

"Mwantumu, usituaibishe!"

"Aibu tunayo siku zote, Mzee. Leo na mgeni aione."

Tukamfuata hadi ukingoni. Subhana Allah! Kila mmoja wetu alikuwa akimwaga kapu lake humo na kugeuka upesi. Hakuna aliyewahi kusimama akatazama. Korongo zima lilikuwa mapeasi, ya manjano juu, meusi chini, hadi upeo wa macho. Nyuki walivuma, na harufu tamu ikatukaba koo. Hilo lilikuwa jasho letu, wajukuu zangu, na sikujua kama ni jingi kiasi kile.

Mhandisi akavua kofia. "Haya yote ni ya nani?"

"Ya watu wa mjini," Bi Mwantumu akasema. "Yamekosa njia ya kuwafikia."

"Nyikani barabara ingepita tu," mhandisi akasema. "Huku itabeba."

Na ikaja. Lori la kwanza lilipopanda mlima, tulisimama kando kimya kama tuko msikitini. Bi Mwantumu aliligusa ubavu kwa kiganja, taratibu. Likateremka na mapeasi yake, magumu bado, naye akalia mbele ya watu bila kujifuta.

Mzee Shekalaghe akamsogelea. Hakuwa mtu wa kukiri kosa yule, lakini siku hiyo alisema, tena kwa sauti ya wote kusikia, "Mwantumu, korongo la aibu huita barabara."