Tundu la Marehemu

Mwachie marehemu tundu, nawe upate pumzi.

Ndiyo, nimeisema, na nimewasikia mnavyochekeana huko nyuma ya ngazi. Mwenzenu ameona tundu moja limebaki chini ya paa, mkono umeshajaa udongo, anataka kuliziba amalize kazi akanywe chai. Nimemwambia aliache, nikampa methali, naye ananiuliza marehemu anapumulia wapi. Swali si baya. Endeleeni kukandika huo ukuta, mikono isilale, masikio niachieni mimi. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa Lyamhepo, kabla mabati hayajapanda mlima, aliolewa mwanamke kutoka huko chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, jina lake Atuganile. Kwao ni joto, watu hulala madirisha wazi, na blanketi ni kitu cha mgonjwa. Mumewe, Obadia, alimleta huku mwezi wa sita, wakati sakitu, ule umande wa barafu, inapolala juu ya majani mpaka shamba la viazi linaonekana limemwagiwa unga. Asubuhi ya kwanza Atuganile aliigusa ile sakitu kwa kidole, akakitia kidole mdomoni, akalia. Watu walicheka. Yeye hakuona cha kuchekesha. Tangu siku ile aliichukia baridi kama mtu anavyomchukia adui mwenye jina.

Ndani ya nyumba ile alikuwamo mama mkwe, Bibi Tulahigwa, mjane mkavu wa mwili na wa maneno. Ugomvi wao haukuwa wa chumvi wala wa Obadia. Ulikuwa wa dirisha. Atuganile akifunga, bibi anafungua. Atuganile akisokomeza kitambaa kwenye ufa, bibi anakichomoa, anakikunja mara mbili, anakikunja tena, anakiweka juu ya kinu. "Fungua kidogo tu, mwanangu," ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi na ya jioni. Akishasema hangojei jibu, anafungua mwenyewe.

Siku moja mkamwana alichoka akamwambia, "Mama, unataka kuniua kwa baridi."

Bibi akamjibu, "Baridi hupiga hodi kabla ya kuua." Hakueleza zaidi, na Atuganile hakuuliza. Hivyo ndivyo walivyoishi mpaka mtoto akazaliwa, wakamwita Lutengano, yaani amani, ingawa amani yenyewe haikuonekana mle ndani.

Masika yaliyofuata bibi aliugua kifua, akafa. Walimzika nyuma ya nyumba, kwenye mipichi. Atuganile alilia machozi ya kweli, lakini chini ya machozi palikuwa na raha ndogo aliyoionea aibu. Alijua kipupwe kinachokuja atafunga dirisha na halitafunguliwa.

Mvua zilipokatika, kazi ya kuiandaa nyumba ikaanza. Mnaijua. Mipichi ilikuwa imepukutisha majani, uwanja mzima mwekundu, naye akayafagia mpaka kaburini na kuyarundika shambani yaoze. Obadia alipanga kuni ukutani, akakata nyasi, akaziba paa palipovuja. Viazi vya mbegu vikafukiwa shimoni. Kisha Atuganile akaponda udongo na samadi, akaanza kukandika. Alikandika ndani, akakandika nje, akapitisha kiganja kila mahali kutafuta upepo. Palipokuwa na ufa wa kupita siafu, aliuziba.

Likabaki tundu moja, chini ya paa, upande wa kaburini. Upana wake ngumi ya mtu mzima, na kwa kuwa nyumba za wakati ule zilikuwa fupi, lilikuwa usawa wa uso. Kila nyumba ya Lyamhepo ilikuwa nalo, na halikuzibwa hata mwaka wa sakitu kali. Wazee walisema kaburi lina baridi kuliko nyumba, na aliyeondoka anayo haki ya kuja kuota joto la wanawe. Anayemaliza kukandika huliacha tundu lile, anaosha mikono, anasema, "Mlango wenu huu."

Atuganile alilitazama muda mrefu. Halafu akachota udongo.

Obadia alitokea na mzigo wa nyasi begani. "Hilo huwa linaachwa, mke wangu."

"Najua."

"Mama atapita wapi?"

"Mama amefungua madirisha ya nyumba hii miaka mingi, Baba Lutengano. Na apumzike."

Obadia alikuwa mtu mpole, na upole nao una siku zake za kuleta hasara. Alitua nyasi, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Atuganile alikuta donge la udongo sakafuni, bado bichi, na tundu liko wazi. Alisema ni panya. Akaziba tena, safari hii akatanguliza kipande alichokirarua kwenye blanketi la zamani la marehemu, akakishindilia, akapaka udongo juu. Kulipokucha udongo ulikuwa chini. Kipande cha blanketi hakikuwa chini. Kilikuwa juu ya kinu, kimekunjwa mara mbili, kisha mara moja tena.

Atuganile alisimama mbele ya kinu mpaka uji ukaungua. Alimwuliza mumewe kama ni yeye aliyekikunja. Obadia akasema hapana, na uso wake haukuwa wa mtu anayetania. Hofu ilimpata mwanamke yule, msidhani ilimkosa, lakini ndani ya hofu kulikuwa na kiburi, na kiburi ndicho kilichoshika udongo. Alichonga kabari ya mti wa muwati, akaigongomea tunduni kwa nyundo, akakandika ndani na nje. Kabari ikashika. Siku nyingi zikapita haikuanguka, akajiona ameshinda.

Basi kipupwe kikaingia. Ukungu ulishuka ukakaa, hata jirani unamsikia kikohozi bila kumwona. Moto wa kuni ulikuwa jiko la nje, lakini Atuganile hakutoka tena. Alinunua mkaa, akaingiza jiko la mkaa ndani, akafunga dirisha, akasokomeza matambara chini ya mlango. Nyumba ikawa na joto kama kwao ziwani, naye kwa mara ya kwanza tangu aolewe akavua shuka mabegani. Alifurahi, na kwa kweli alistahili kufurahi, maana alikuwa ameteseka.

Lakini joto lile lilikuwa na kitu ndani yake. Kichwa kilianza kumgonga kila akikaa muda mrefu. Akiinama kumchukua mtoto, ukuta ulionekana kupumua. Alisikia komeo la dirisha likichezewa, akigeuka halichezi. Alisikia kikohozi kile kikavu anachokijua, nje, upande wa kaburini, hapo hapo penye kabari. Kuku aliyekuwa akilalia mayai kwenye pembe humo ndani alikutwa amekufa juu ya mayai, hana jeraha, macho wazi. Hata Lutengano, mtoto mlafi yule, akawa ananyonya kidogo na kulala sana.

"Mama amekasirika," Obadia alisema. "Tumfungulie."

"Tukimfungulia leo, hatutafunga tena milele," mkewe akajibu. Aliamini kwamba mama mkwe anataka kuingia kumnyang'anya nyumba, na pengine mtoto pia. Mtu akishaamini hivyo, kila sauti anayoisikia humpa ushahidi.

Ikaja alfajiri ya sakitu kubwa. Ukungu ulikuwa umeondoka usiku, mbingu tupu, na baridi ikashuka kama ilivyotaka. Atuganile aliamka kabla ya jua, akawasha mkaa mwingi palepale ndani badala ya kuuwashia nje, akaketi karibu na jiko, mtoto kifuani. Obadia alikuwa amelala kitandani, akikoroma polepole. Joto likapanda. Mwili wa Atuganile ukawa mzito kwa utamu, mabega yakalegea, akawaza kwamba hajawahi kustarehe namna hii tangu aondoke kwao.

Hapo ndipo alipoisikia sauti nje ya ukuta, chini ya kabari.

"Mama Lutengano. Fungua kidogo tu, mwanangu."

Haikuwa ya ukali. Ilikuwa sauti ile ile ya kila siku. Nywele zilimsimama, lakini mdomo wake ulijibu kwa mazoea.

"Sifungui, mama. Kuna baridi."

"Najua kuna baridi. Nimesimama ndani yake."

"Rudi kulala, mama. Nyumba hii huingii tena."

Kisha sauti ikasema, taratibu, "Siingii, mwanangu. Nataka ninyi mtoke."

Atuganile hakuelewa. Alimtazama mtoto ili amfunike vizuri zaidi, na ndipo alipomwona. Midomo ya Lutengano ilikuwa myekundu isivyo kawaida, kichwa kimelala nyuma, chuchu imemtoka mdomoni. Akamtikisa. Mtoto akatikisika kama nguo. Akamwita mumewe, na mumewe hakujibu wala hakukoroma tena.

Alitaka kusimama, miguu ikamkataa. Akatambaa mpaka mlangoni akimburuta mtoto kwa mkono mmoja, akalishika komeo, na vidole vyake havikuwa na nguvu hata ya kukamua kitambaa. Alilisukuma, likakaa. Dirisha lilikuwa upande wa pili wa jiko, mbali kuliko ziwani kwao. Akageukia ukuta wa kaburini, akauegemea, akajivuta juu yake hatua kwa hatua mpaka akasimama akiwa ameuegemea kwa paji la uso. Akasema maneno ambayo hakuwahi kumwambia mama mkwe wake hata siku moja.

"Mama, nisaidie. Nimeshindwa kufungua."

Kabari ikatoka. Haikuanguka pamoja na udongo kama kitu kilicholegea, ilisukumwa kutoka nje, ikapita juu ya bega lake, ikagonga jiko. Baridi ikaingia kwa tundu lile kama maji ya mto. Atuganile alimwinua mwanawe, akauweka uso wake mdogo mbele ya tundu, akamshikilia hapo. Akangoja. Hakuna kungoja kurefu kama kule. Halafu mtoto akapiga chafya, akavuta pumzi, akalia kwa hasira, na mama yake akaweka mdomo wake kando ya tundu, naye akavuta.

Nguvu ziliporudi kidogo alilitoa komeo, akaupiga mlango teke, akamvuta Obadia kwa miguu mpaka uwanjani. Mumewe alitapika, akafumbua macho, akauliza nani amekufa. "Hakuna," mkewe akamwambia, na akaanza kulia.

Jua lilipochomoza lilikuta uwanja wote mweupe. Atuganile alikuwa ameufagia jana yake jioni, safi bila jani, na sakitu ilikuwa imelala juu yake bila alama yoyote, si ya mtu, si ya mbwa. Akazunguka mwenyewe mpaka upande wa kaburini kumshukuru jirani aliyesukuma kabari, maana akilini mwake bado alitumaini ni jirani. Hakukuta nyayo za kuja wala za kuondoka. Ila chini ya tundu palikuwa na sehemu mbili ndogo ambazo sakitu haikugusa, udongo mtupu mweusi, zenye umbo la miguu ya mtu mzee, vidole vikielekea ukutani. Mtu alikuwa amesimama pale tangu kabla sakitu haijaanguka. Alikuwa amesimama usiku kucha.

Atuganile alipiga magoti akaweka viganja vyake juu ya sehemu zile mbili. Zilikuwa na baridi kuliko sakitu. Hapo alielewa ugomvi wa dirisha wa miaka yote ile, na akaona uchungu ambao haukumtoka mpaka anazeeka, kwamba alipendwa ndani ya nyumba ile kila siku, asubuhi na jioni, na kila siku alijibu kwa kufunga.

Baadaye mganga wa zahanati alieleza kwamba ni hewa ya mkaa, haina rangi wala harufu, huua watu wakiwa wamestarehe, haipigi hodi. Alisema kweli, na ninyi mkiingiza mkaa ndani nitawachapa pamoja na mabwana zenu. Lakini mkaa hausukumi kabari, na mganga alipoonyeshwa zile alama alisema ana safari ndefu, akaondoka bila kumaliza chai yake.

Tangu mwaka ule Atuganile mwenyewe ndiye aliyekuwa akizunguka nyumba za mabiarusi wakati wa kukandika. Alikuwa anakuja na kipande cha blanketi kilichokunjwa, anakishika tu mkononi, anangoja mpaka libaki tundu la mwisho. Halafu anasema maneno yale niliyoanza nayo. Watu wakayachukua wakayapeleka kwingine. Ndugu wakigombana mmoja akaapa hatazungumza tena na mwenzake, wanamwambia. Mke akifunga moyo kwa mkwewe, wanamwambia. Kwa maana unayemfungia nje, huwezi kujua amesimama pale kwa sababu gani.

Haya, wewe wa juu ya ngazi, udongo umekukaukia mkononi. Nimeona unavyolitazama hilo tundu, na nimeona umeacha kucheka. Shuka uoshe mikono. Ukishaosha, geukia ukutani useme kwa adabu, "Mlango wenu huu." Huko nje wapo waliokulea.

Mwachie marehemu tundu, nawe upate pumzi.